Gari Limegoma Tena

Jana gari liliwaka. Leo limegoma. Ni Probox kuukuu kutoka Japani, kando ya soko la Bukura, na dereva tayari anaulizia bei ya betri mpya.

Asikilize kwanza. Mfugaji hamdungi sindano ng'ombe aliyekataa kula. Hushika sikio, husikiliza tumbo.

Gari nalo husema. Likilia ta-ta-ta na taa zikafifia, betri imeisha chaji, au vichwa vyake vimeota unga mweupe unaozuia umeme. Likigonga mara moja tu, taa ziking'aa, stata ndiyo ya kushukiwa. Injini ikizunguka bila kushika, tafuta petroli au cheche.

Wangapi wamenunua betri, kumbe brashi ya waya ingetosha! Leo kazini, msikilizaji, kitu kikigoma, kitakuwa kimelia vipi?