Asikilizwe Kwanza

Somo: Yohana 7:45-52



Wakuu wa makuhani walikuwa wamekwisha kumhukumu Bwana wetu mioyoni mwao, na katika baraza lile mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza swali. Nikodemo alitaka kujua kama sheria yao ilimhukumu mtu kabla ya kumsikia. Hakuhubiri wala hakugombana. Nao, badala ya kumjibu, wakamdhihaki kwamba labda naye ametoka Galilaya.

Swali hilo leo nalipeleka chini ya boneti. Wako kati yetu hapa Mbeya ambao bado wanazo Land Rover na Peugeot za miaka ya 1970, na vijana wa kuziendesha. Tuseme gari la namna hiyo linapanda njia ya Chunya. Asubuhi limewaka vizuri. Karibu na Kawetere linakohoa, linazimika. Dereva anafungua boneti, anangoja nusu saa katika baridi ile, nalo linawaka kana kwamba halikuumwa kamwe. Jioni mwenye gari anasema: kijana huyu ameuza petroli akajazia mafuta ya taa. Siku ya tatu kijana hana kazi, na watoto wake hawana unga.

Ndugu zangu, je, koili imeulizwa?

Koili huzipokea volti 12 za betri na kuzikuza hata zipite 20,000, ndipo cheche iruke kwenye plagi. Ndani mna nyaya mbili za shaba: mmoja umezungushwa mara mamia, wa pili, mwembamba kama unywele, mara maelfu mengi. Waya huo ukikatika mahali padogo, joto huuachanisha. Ukipoa hugusana tena. Ndiyo sababu ugonjwa huu hauonekani asubuhi gereji. Upimwe palepale gari lilipozimika, kabla halijapoa.

Chomoa waya wa plagi moja, utie ndani yake plagi nyingine, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira huku chuma chake kikigusa injini, mbali na petroli, na mwenzako apige stata. Cheche ikiwa ya buluu na yenye nguvu, koili haina hatia. Nenda kwenye pampu na kabureta. Ikiwa ya manjano dhaifu, au hakuna, tazama kwa taa ya majaribio kama umeme unaifikia koili. Hata ukiifikia, usiihukumu bado. Platini chafu huleta ugonjwa uleule, na kondensa mbovu huiga koili hata mafundi wazee wakadanganyika.

Tena koili iliyokufa kweli huenda imeuawa. Swichi ikiachwa wazi injini imezima, platini zikiwa zimefungana, umeme hupita bila kukoma na koili huungua. Au fundi ameweka koili ya omu 1.5, inayohitaji rizista, mahali pa koili ya omu 3 isiyoihitaji. Ukinunua mpya bila kuuliza hayo, utanunua na ya tatu.

Nastaajabu jinsi tulivyo wavumilivu kwa vyuma. Kwa koili tutatafuta mita, tutamwita fundi kutoka Mwanjelwa, tutabishana hata usiku. Koili haina kinywa, lakini tunaipima mara tatu. Dereva anacho kinywa, na hatukumpa hata dakika tano. Alikuwako mlimani, ndiye pekee aliyeona kwamba gari lilipopoa liliwaka bila kuongezewa tone la petroli. Neno hilo moja lingetosha kumwondolea shaka, kwa maana petroli iliyochanganywa haitakaswi kwa kungoja nusu saa.

Basi kama yuko mwenye gari miongoni mwetu aliyemfukuza kijana kwa jambo la namna hii, amtafute wiki hii. Asimtume mtu. Aende mwenyewe, amwulize gari lilizimikaje, amsikilize hata mwisho. Na akikuta alimwonea, amlipe mshahara wa siku zote alizokaa nyumbani.