Ghaibu na Kilichofunikwa

Aliniuliza mzee mmoja, tulipokuwa tumeketi barazani mwa msikiti mjini Thika baada ya sala ya alasiri, iwapo kile chombo kinachokokotwa juu ya ardhi mithili ya rukwama, kikatoa habari za miamba iliyo chini, hakiingilii ilimu ya ghaibu ambayo Mwenyezi Mungu ameihusisha na nafsi yake. Sikumcheka, kwani walio wengi hukiogopa au hukisujudia chombo kama hicho pasina kuuliza neno.

Chombo chenyewe ni rada ya kupenya ardhi, ambayo hupeleka chini mawimbi ya jinsi ya yale ya redio, nayo yakikuta mahali mwamba unapogeuka tabia, baadhi yake hurejea kama mwangwi. Wajuzi wa volkeno huitumia kutafuta mapango yaliyoachwa na lava, kama yale ya mlima Suswa, na mwaka 2013 Wachina waliitua mwezini. Na sisi wa baina ya Ruiru na Thika twaishi juu ya kazi ya volkeno, maana mawe ya Ndarugu tunayojengea ni jivu lake lililogandamana tangu dahari. Fundi wa machimboni hugonga jiwe kwa nyundo akatega sikio: lililo zima hulia, lenye ufa huitika kibubu, wala sijasikia aliyemwita mpiga ramli.

Nilimjibu mzee kwamba kilichofunikwa si ghaibu. Pango lililo chini ya shamba la mtu ni siri kwake tu, na jembe, mvua au siafu waweza kuifichua. Ghaibu ni kama saa ya kufa kwake, ambayo haina mwangwi wa kurejea.

Lakini ingekuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu hata kilichofunikwa chombo hiki hakikioni. Mwangwi ukirejea baada ya sehemu moja ya milioni 10 ya sekunde, na mawimbi yakidhaniwa kwenda mita milioni 100 kwa sekunde, yaani thuluthi ya mwendo wa nuru, hesabu ya kwenda na kurudi husema mita 5; na kumbe mwamba umelowa, mwendo ni milioni 70 tu, basi mwangwi ule ule watoka mita 3 na nusu. Picha nayo haifanani na kitu: shimo dogo la mviringo huchorwa kama upinde, kwa kuwa chombo huanza kulisikia kabla hakijalifikia, na huendelea kulisikia kikiisha kulipita. Kinachopatikana, basi, ni dalili itakayo taawili, na taawili haisimami ila juu ya dhana ambayo mtu ameikubali kabla ya kutazama. Tena udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa ya Ruiru, mfinyanzi ushikao maji, huyameza mawimbi hayo yasivuke, aghalabu, mita moja au mbili, hata chombo kilichosikia mwezini kikawa kiziwi chini ya mibuni.

Mimi si mufti, ila rai yangu ni hii: mwenye chombo na akikokote bila hofu ya kukufuru, na kila aandikapo kina cha pango aandike kando yake mwendo alioudhania.