Nia ya Mwenye Kukusanya

Mtoto huokota kauri pwani kwa kuwa zang'aa. Akipata kumi ataka ishirini, na punde hautazami tena uzuri wake, azihesabu tu. Twauliza: je, tamaa hiyo yaweza kukua ikawa kitu bora? Na ikiwa bora, je, mkono nao hubadilika?

Tumtazame Alfred Russel Wallace wa Uingereza. Mwaka 1844, alipokuwa mwalimu katika mji wa Leicester, rafiki yake Henry Walter Bates alimwonyesha mbawakawa wa namna nyingi waliopatikana karibu na mji ule. Wallace akastaajabu, akaanza kuwakusanya. Walakini haikupita miaka mingi, naye hakutosheka tena na wadudu wa jirani. Alitaka kujua aina za viumbe zimetokeaje. Mwaka 1848 wakaenda wote wawili kwenye mto Amazon, wakiuza walivyokusanya ili wapate riziki. Wallace alipokuwa akirudi mwaka 1852, merikebu yake iliungua baharini, na karibu vyote alivyokuwa navyo vikateketea.

Mwaka 1854 alisafiri tena, akaenda visiwa ambavyo leo vimo katika Malaysia na Indonesia. Kwa miaka 8, yeye na wasaidizi wake walikusanya viumbe 125,660. Aliangalia sana mahali kila kimoja kilipopatikana. Kwa hiyo, mwaka 1856, akatambua ya kuwa ndege wa Bali na wa Lombok wahitilafiana sana, ingawa mlango wa bahari ulio kati ya visiwa hivyo ni mwembamba. Mwenye kuhesabu tu asingaliyaona hayo.

Basi nia ilikuwa imepanda juu. Lakini mwaka 1855, huko Sarawak, alimpiga risasi orangutani jike, akamkuta mtoto wake yu hai. Akamlea kama miezi mitatu, akamlisha na kumwosha. Mtoto alipokufa, Wallace alisikitika. Kisha akaihifadhi ngozi yake na mifupa pamoja na vitu vyake vingine.

Hatumtaji ili tumhukumu, maana elimu aliyotuachia ni kubwa. Twajifunza kwamba nia yaweza kukua, na mkono ukaendelea na desturi yake ya zamani. Maarifa hayafuti gharama yake. Kwa hiyo kila akusanyaye, awe wa vitabu, sarafu au stempu, yampasa kuuliza upya mwaka hata mwaka: Nakusanya kwa ajili gani sasa? Na ni nani alipaye?