Mwenye Kustahiki Kazi, Je, Atoe Mlungula?

Ndugu zetu Waislamu, liko swali waliulizalo vijana wetu wa Kisii na Nyamira, nalo lastahiki jawabu la wazi. Kijana amesoma, ana vyeti vyake, na kazi imetangazwa. Aambiwa kwamba pasipo kutoa "kitu kidogo", au kuwa na mtu wa ukoo wake ndani ya bodi, hatapata. Je, yafaa atoe?

Wako wasemao yafaa, wala hoja yao si ya kudharauliwa. Wanazuoni wengi wamesema kwamba mtu aliyezuiliwa haki yake, na hana njia nyingine, akitoa mali ili aikomboe, dhambi ni ya mpokeaji. Lakini hukumu hiyo yahusu haki iliyokwisha kuthibiti, kama shamba lako au mshahara ulioutumikia. Kazi isiyotolewa bado si ya mtu. Ni amana mkononi mwa mwajiri, na mwenyewe ni yule aifaaye zaidi. Watu mia wakiomba nafasi moja, ni nani awezaye kuapa kuwa yeye ndiye mbora wao? Basi atoaye fedha hakomboi haki yake. Huenda anunua haki ya mwenziwe. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji pamoja na mpokeaji, na sheria ya Kenya ya mwaka 2016 yawaadhibu wote wawili.

Mlango wa pili ni ukoo. Kitutu, Mugirango, Nyaribari, Bobasi, Machoge: kila upande hutaka mtu wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yataka ushindani wa haki na ustahiki. Na sheria ya kaunti ya 2012 yataka asilimia 30 au zaidi ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiokuwa wa kabila kubwa la kaunti. Sisi Waislamu, tulio wachache huko, hulalamika tunapopitwa. Lakini mmoja wetu akipata cheo, twamwendea atuingizie wana wetu. Tulichokiita jana dhulma, leo twakiita udugu! Tukumbuke kisa cha Nabii Musa huko Madyan: alikuwa mgeni, hana ukoo wala mali, akapendekezwa kuajiriwa kwa mambo mawili tu, nguvu na uaminifu.

Je, tusisaidiane? La, tusaidiane. Kumshuhudia mtu kwa kweli uijuayo ni shufaa njema. Kumsukuma kando astahikiye ni shufaa mbaya. Jamaa wa msikiti wapashane habari za kazi zitangazwapo, wamchangie fakiri nauli na ada za vyeti, wawafundishe vijana kuandika barua za maombi na kujibu maswali ya usaili. Hayo hayamnyimi mtu haki.

Hatusemi kwamba akataaye kutoa atapata kazi. Huenda akakosa, na aliyetoa akapata mbele ya macho yake. Ndiyo sababu si uadilifu kumhimiza kijana asubiri, kisha tumwachie njaa yake peke yake. Tumkatazao haramu, yatupasa tumsaidie kuifikia halali.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.