Hori la Lubisi na Chupa ya Saison

Ndizi zikishavundikwa na kuiva shimoni, kazi inayofuata ni ya mikono. Zinamenywa, zinamwagwa kwenye hori refu la mbao, kisha zinakandwa pamoja na nyasi ndefu mpaka rojo liachie maji. Nyasi ndizo zinazoishika nyama ya ndizi na kuiacha juisi ishuke peke yake: ina ukungu kidogo, ni tamu kuliko soda, na imebeba harufu ya mbali ya moshi. Saa hiyo, katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, hakuna wa kuikataa. Shehe anakunywa, mlokole anakunywa, mtoto wa darasa la kwanza anaomba aongezewe.

Kisha maji yanaongezwa, mtama uliokaangwa na kusagwa unanyunyizwa juu, hori linafunikwa kwa majani ya mgomba, na watu wanakwenda kulala. Hakuna hamira iliyonunuliwa dukani. Kesho yake povu limepanda. Siku ya pili au ya tatu kuna lubisi, pombe ya ndizi, na hori lilelile lililowakutanisha watu wa mji mmoja sasa linawagawa.

Dhambi imeingia saa ngapi? Swali hili linaweza kuonekana la mzaha, lakini wenye dini wamelitolea jasho kwa karne nyingi. Mkamuaji hakutia kitu kibaya. Aliyefanya kazi usiku ni kiumbe asiyeonekana, ambaye hata Ulaya hawakumwelewa vizuri kabla ya Louis Pasteur kuchapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876. Ukisema kosa limo ndani ya kinywaji, itabidi uonyeshe dakika kilipobadilika. Ukisema limo ndani ya mnywaji, itabidi uonyeshe ni kata ya ngapi.

Waislamu wa Ujiji na pwani, ambao wengi wao wanafuata madhehebu ya Shafii, wana jibu lililonyooka: kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake nacho ni haramu. Hata hivyo, suala la siku halikuwapita. Katika Sahih Muslim mna hadithi kwamba Mtume alikuwa akiroweshewa zabibu kavu, akanywa maji yake siku hiyo, kesho yake na keshokutwa. Baada ya hapo kilichobaki hupewa wengine au humwagwa. Mafakihi wa mwanzo wa Kihanafi katika mji wa Kufa walibishana sana na wenzao kuhusu vinywaji vya namna hiyo visivyotokana na zabibu mbichi. Mpaka, kwa wote hao, ulitafutwa ndani ya chombo.

Wakatoliki waliuweka kwingine. Mapadre Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879 na baadaye kupanda hadi nyanda za Buha, ziliko Kasulu na Kibondo, walitoka katika mapokeo ambayo divai iko juu ya altare kila siku. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura yake ya 40, inakiri kwamba divai haiwafai watawa, kisha inakubali kwamba watawa wa siku hizi hawashawishiki, basi wapewe kipimo kidogo kwa siku na wasinywe hadi kushiba. Kwa jicho hilo, lubisi si tatizo. Tatizo ni koo lisilojua kusema basi.

Walokole hawakuridhika na jibu hilo. Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mipaka na kuingia makanisa ya Kianglikana ya magharibi mwa Tanganyika, ambako mwaka 1966 ilizaliwa Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu. Aliyeokoka aliacha mtungi hadharani, na kuacha huko kukawa ushuhuda. Hoja yao ya Biblia mara nyingi ni ya Warumi 14: heri kutokunywa kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Mpaka umetoka kwenye kinywaji, umetoka kwenye koo, umefika kwa mtu aliyeketi pembeni.

Majibu hayo matatu yanatazama kileo. Lakini ndani ya hori kuna saa nyingine inayohesabu, na mafakihi hawakuihesabu sana: lubisi haikai. Baada ya siku chache inachachuka kupita kiasi na kuelekea kuwa siki. Mtu aliyekamua hori zima hana njia ya kuifanyia uchoyo. Ama anaita majirani, ama anauza kata kwa kata leo na kesho, ama anamwaga.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake cha pili kuhusu serikali kilichotoka mwaka 1689, aliifanya hali hiyo kuwa msingi wa haki. Mtu anaruhusiwa kuchukua kwa jasho lake kiasi anachoweza kukitumia kabla hakijaoza. Kinachozidi ni cha wengine. Yeye mwenyewe alitoa mfano wa matunda yanayooza kwa wiki moja yanayobadilishwa kwa njugu zinazodumu mwaka mzima: hapo hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa hakuna kilichoharibika mikononi mwa mtu. Ndipo akaiingiza fedha, kitu kisichooza kabisa, na ndani ya kurasa chache limbikizo lote la duniani likawa halali. Kuoza ndiko kulikokuwa kunamzuia tajiri.

Katika nchi za Maziwa Makuu, pombe ya ndizi na ya mtama ilijengewa desturi zinazolingana na ufupi wa maisha yake. Mtungi mmoja, mirija mingi. Mwenyeji anaonja kwanza ili mgeni aone hakuna sumu. Pombe inapelekwa kwa wakwe, inatolewa matangani, inawashukuru waliokuja kulima kwa ujima. Mtu anayekunywa peke yake ndiye anayetiliwa shaka, hata akiwa hajalewa.

Mbali sana na Buha, katika mkoa wa Hainaut kusini mwa Ubelgiji, wakulima walikuwa na shida iliyo kinyume: walihitaji bia inayokaa. Wakati wa joto bia ilichacha vibaya. Kwa hiyo waliipika majira ya baridi, kazi za shamba zikiwa chache, wakaihifadhi kwa miezi ili vibarua wa mavuno wapate cha kunywa. Hiyo ndiyo saison, bia ya msimu. Maarufu kuliko zote inatoka kijiji cha Tourpes, kwa familia ya Dupont, iliyoshika kiwanda hicho cha shambani tangu 1920. Chachu yake inafanya kazi katika joto la kuzunguka nyuzi 30 au zaidi, ambalo wapishi wengi wa bia wangeliogopa, na inakula karibu sukari yote. Matokeo yake ni bia kavu yenye povu refu, uchungu wa hopsi, na kitu kama pilipili manga mwishoni mwa ulimi. Kileo chake ni asilimia 6.5.

Viwanda vidogo vilivyokuja baadaye vimeicheza saison kwa namna nyingi. Brasserie de Blaugies, kilichoanzishwa mwaka 1988 mkoani humohumo, kinaipika kwa épeautre, jamii ya ngano ya kale. Vipya zaidi vinatia matunda au kuilaza kwenye mapipa ya divai, na waonjaji wanainusa glasi kwa uangalifu wakitafuta ganda la limao, majani makavu, zizi la farasi. Yvan De Baets, mpishi wa bia wa Brussels, aliwahi kuandika kwamba saison za zamani zilikuwa ama chachu ama chungu sana, wala hazikufanana kwa karibu na chupa zinazosifiwa leo. Mtu wa Kasulu aliyezoea uchachu wa lubisi ya siku ya tatu pengine angeielewa saison ya kale haraka kuliko mnywaji wa bia ya kawaida.

Kwa hesabu ya Locke, saison imevuka mpaka: inadumu, inaweza kulimbikizwa. Ila iliwekwa kwa ajili ya kinywa cha mtu mwingine. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, mana iliyobakizwa hadi asubuhi ilitoa funza na kunuka. Lakini ile ya siku ya sita, iliyookotwa maradufu kwa ajili ya Sabato, haikuharibika. Andiko halikulaani kuweka akiba. Lilihoji akiba imewekwa kwa ajili ya nini.

Buha nayo ina vibarua wake wa msimu. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilifungua njia ambayo baadaye iliwachukua Waha kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Katikati hapo Wabelgiji wenyewe walipita: jeshi lao liliikamata Kigoma Julai 1916, na wakaishika hadi 1921. Mwaka 1944 wenye mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Buha ikawa moja ya chemchemi zao kubwa za manamba. Kibarua wa Hainaut alipewa bia kama sehemu ya ujira wake. Manamba alipewa posho na fedha, akirudi nyumbani akakuta mtungi usio na bei. Au uliokuwa hauna. Fedha aliyokuja nayo ndiyo iliyosaidia kuutia bei.

Hapa inafaa kuwapa walokole nafasi ya kujibu, maana mirija mingi kwenye mtungi mmoja si picha safi kama inavyosimuliwa. Katika falme za zamani, Heru na Muhambwe zikiwamo, mitungi ilipanda kwa mwami kama kodi kabla haijashuka kama ukarimu. Ujima unaolipwa kwa pombe unampendelea mwenye migomba mingi: maskini analima, tajiri anashukuru. Na mtungi wa pamoja unamlazimisha hata asiyetaka, kwa sababu kukataa mrija ni kukataa watu. Mke anayesubiri fedha ya ada ya shule hana sababu ya kusifu kinywaji kwa vile tu mumewe alikinywa katika kundi. Aliyeokoka aliposimama na kusema hapana, alikuwa anavunja pia mkono huo wa kundi.

Hoja hiyo ni nzito, lakini tazama sheria zinakopiga. Ubelgiji mwaka 1919, kwa sheria iliyobeba jina la waziri Emile Vandervelde, ilipiga marufuku pombe kali kwenye vilabu na kuiacha bia. Tanzania mnamo Machi 1, 2017 ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali za plastiki. Kileo chenyewe kiliendelea kuuzwa kwenye chupa kubwa. Kilichoondolewa ni ufungashaji. Kiroba kilikuwa kinyume cha lubisi kwa kila kipimo: hakichachi, kinaenea mfukoni, kinanunuliwa kwa sarafu chache, na mwanafunzi anakimaliza nyuma ya ukuta bila mtu kujua. Serikali haikutumia lugha ya Locke, ila iligusa palepale.

Sasa hata ndizi imepata chupa. Arusha kuna kampuni, Banana Investments, inayouza divai ya ndizi iliyofungwa kiwandani. Na kwenye harusi za Kasulu ugomvi wa zamani unatulizwa kwa kreti za soda. Kila mgeni chupa yake, na hakuna shehe wala mchungaji mwenye neno dhidi ya kilichomo. Lakini kreti zinahesabiwa, na kamati inajua nani ni wa kupewa na nani amekuja bila kadi. Hori halikuwa na hesabu hiyo.

Paulo alikutana na jambo hili Korintho. Waumini walifika kwenye chakula cha Bwana kila mmoja na chake. Wengine wakalewa, wengine wakabaki na njaa. Katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza aliwakemea kwa yote mawili pamoja, ulevi na njaa, kana kwamba ni kosa moja. Hakuagiza divai iondolewe mezani. Aliagiza wangojane. Mlokole wa Kibondo anayekunywa juisi ya siku ya kwanza na jirani yake anayesubiri lubisi ya siku ya tatu bado wanaweza kulitii agizo hilo wakiwa kwenye hori moja, mradi mwenye migomba akumbuke kuchota juisi ya mmoja kabla hajanyunyiza mtama wa mwingine.