Kituo: Nani Hutua, Nani Hupokea?

Katika istilahi za ushairi wa Kiswahili, neno kituo huonekana dogo. Mwanafunzi hulikariri pamoja na mizani, vina na mishororo, kisha huendelea na mengine. Hata hivyo, neno hilohilo hutumiwa na wapandao Mlima Kilimanjaro, na abiria wa treni hapa Wheaton, jimbo la Maryland, ninakoandikia makala haya. Wote wanazungumzia mahali pa kusimama. Swali langu ni la kimaadili: anaposimama mmoja, ni nani anayeendelea kubeba?

Tuanze na ushairi. Kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Ukirudiwa katika kila ubeti, huitwa pia kibwagizo, kiitikio au kipokeo. Katika utenzi, kina cha kipande cha mwisho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza, hivyo msikilizaji hujua atakapopumzikia hata safari ikiwa ndefu. Waitaliano nao waliuita ubeti stanza, yaani chumba au mahali pa kukaa. Picha yao ni ya nyumbani. Yetu ni ya njiani. Kituo hutokana na kutua, na anayetua ni mbebaji mwenye mzigo kichwani. Kibwagizo hutokana na kubwaga, yaani kuuangusha mzigo chini kwa kishindo. Kipokeo hutokana na kupokea, heshima anayofanyiwa mgeni anapofika mlangoni na mzigo wake. Istilahi zetu zimekopwa kwa watu waliobeba.

Mlimani maana hizi hurudi zikiwa na uzito wa kilo. Njia ya Marangu ina vituo vitatu vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, cha mwisho kikiwa kwenye takriban mita 4,700, chini ya kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Viwili vya kwanza vina majina ya watawala wa Kichaga. Zamani za ukoloni viliitwa kwa majina ya Bismarck na Carl Peters. Kwa mpandaji, kituo ni chai ya moto na mahali pa kujinyoosha. Wapagazi, ambao huko huitwa wagumu, hubeba mizigo ambayo kanuni za hifadhi zimeiwekea kikomo cha kilo 20. Aghalabu huondoka nyuma ya mgeni na kumpita njiani, ili afike akute mambo tayari. Wanapotua, kazi nyingine huanza: kuchota maji, kupika, kuosha vyombo. Pumziko la mmoja limetengenezwa na mwendo wa mwingine.

Pwani walilijua hilo. Jina la Bagamoyo hufasiriwa na wengi kuwa “bwaga moyo”, na fasiri zenyewe ni mbili. Kwa mpagazi aliyetoka bara na pembe za ndovu, ni kuutuliza moyo, kwa kuwa safari imekwisha. Kwa mtumwa anayengojea jahazi, ni kuuacha moyo papo hapo, kwa kuwa hatarudi. Mwanaisimu anaweza kuitilia shaka asili hiyo ya jina, lakini kumbukumbu ya wasemaji imezishika fasiri zote mbili bila kuifuta mojawapo. Inakiri kwamba mahali pamoja paweza kuwa faraja kwa huyu na msiba kwa yule.

Huenda msomaji akasema kwamba asili ya neno haimfungi mtumiaji wake, na kwamba mshairi anayetaja kibwagizo hafikirii mzigo wowote. Ni kweli, wala sidai kwamba etimolojia ni sheria ya maadili. Ninachodai ni kidogo zaidi: lugha imetuwekea majina mawili ya tendo moja, kubwaga na kupokewa, na tofauti yake inatuhusu hata tukiwa mbali na mlima.

Kituo cha treni cha Wheaton, kilichofunguliwa 1990, kiko chini sana ardhini. Ngazi zake za umeme zina urefu wa takriban mita 70, na anayesimama tu huchukua karibu dakika tatu kufika juu. Alfajiri, baadhi ya wanaopandishwa nazo ni watu wetu wa Afrika Mashariki wanaotoka zamu za usiku, walikokesha wakiwatunza wazee wa watu wengine. Nyumbani husemwa kwamba fulani “ametua Marekani”, kana kwamba mzigo umekwisha. Kumbe mshahara wake umeshagawanywa: ada ya mdogo wake, dawa za mama, mabati ya nyumba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye ughaibuni huuona wa nyumbani mwepesi, na wa nyumbani huuona wake mwepesi vilevile.

Kwa hiyo napendekeza tufundishe kituo pamoja na jamaa zake. Shairi la Kiswahili liliimbwa, na pale mwimbaji alipofika kwenye kiitikio, sauti za wengine zilikichukua. Hakuubwaga wimbo chini; aliwakabidhi. Huo ndio mfano ninaouona bora wa pumziko la haki: halimtaki mchovu aendelee hadi aanguke, wala halimruhusu kuuacha mzigo shingoni mwa mtu asiyetajwa. Anayetua ana haki ya kutua, na aliye karibu ana wajibu wa kunyoosha mikono.