Usikubali Kupimwa kwa Kipimo Kilichopinda

Pita Forodhani, Unguja, jua likizama. Anayechota urojo ni mwanamume. Anayepepea mkaa wa mishikaki, mwanamume. Kwenye harusi za pwani, masufuria ya pilau na biriani mara nyingi husimamiwa na wapishi wa kiume, na fundi cherehani wa barazani anayeshona magauni ya akina mama ni baba wa watu. Hakuna anayewacheka. Sasa mwanamume huyohuyo arudi kwao, ashike mwiko amsaidie dada yake, utasikia: "Mwanamume gani huyu, kutwa jikoni?" Tuseme kweli. Upishi ukileta fedha tunampa mwanamume na kumwita fundi. Usipoleta fedha tunamrudishia mama na kuuita wajibu wake. Kwa kipimo kilichopinda namna hii, kwa nini ukubali kupimwa?

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, hakukubali. Alitoka kijiji cha Fumba, binti wa watu maskini, akitembeza vyungu mjini. Taarab wakati huo ilikuwa burudani ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, na vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, vilikuwa vya wanaume. Watu wakamcheka sura, wakamcheka asili yake, wakamtungia hata wimbo wa kumkebehi. Akaimba tu. Akaimba kwa Kiswahili, akayataja ya mahakamani na ya vichochoroni, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa Unguja, akafuata njia hiyohiyo kwa miguu yake mwenyewe: alipiga ngoma, akavuta sigara hadharani bila kumwomba mtu ruhusa, akaimba hadi uzeeni, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX.

Siti alianza na vyungu na sauti. Wewe una nini? Anza nacho hichohicho, leo. Dada, kama moyo wako uko kwenye injini, nenda gereji, omba kufundishwa, shika spana. Grisi hutoka kwa sabuni. Kaka, kama unapenda kusuka nywele, suka, tena usuke vizuri hadi wateja wapange foleni. Mama, binti yako akicheka kwa sauti, usimzibe mdomo.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni machozi. Mtoto wa kiume amefiwa na mama yake, udongo wa kaburi haujakauka, na watu wazima wamemzunguka wakimwambia: "Jikaze, wewe mwanamume." Ajikaze kwa nini? Amempoteza mama! Tunamfundisha kumeza uchungu, kisha akikua tunashangaa mbona hasemi na mkewe, mbona hasemi na wanawe. Siku utakapokuwa karibu na mtoto kama huyo, usingoje mwingine. Mvute kifuani, mwambie alie, na machozi yako yakija yaache yatiririke mbele ya wazee wote waliokaa msibani.